Kaliba ya Risasi: Kinachopimwa na Kisichopimwa Silaha za Kujihami Zinapolinganishwa

Neno kaliba limezoeleka katika Kiswahili kwa maana ya kimafumbo kuliko maana yake ya msingi. Husemwa kwamba timu inahitaji mshambuliaji wa kaliba fulani, au kwamba nchi haijapata tena kiongozi wa kaliba ile, na msikilizaji huelewa kuwa kinachotajwa ni uzito na hadhi ya mtu. Asili yake ni ya karakana. Lugha za Ulaya zililipata kutoka katika Kiarabu, ambamo jina hilo ni la kalibu, chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyushwa ili yatoke na umbo linalotakiwa. Nasi leo tunalo neno hilo mara mbili, kalibu tuliyoipokea kwa Waarabu wenyewe na kaliba iliyozungukia Ulaya kwanza. Katika fani ya silaha, kaliba ni kipimo cha upana wa tundu la mtutu, na kwa hiyo cha kipenyo cha kitu kinachopita humo. Ni upana tu. Nguvu, kasi, uzito na athari ni mambo mengine, na mabishano mengi kuhusu silaha ipi inafaa zaidi kujihami hutokana na watu kuitaka nambari hiyo moja ibebe mambo hayo yote.

Kabla ya kuendelea inafaa tukubaliane juu ya jina. Kiswahili huita risasi vitu viwili tofauti: kitu kizima kinachopakiwa katika bunduki, chenye ganda la shaba, baruti ndani yake na fataki kitakoni, na pia kile kipande cha mbele kinachochomoka na kwenda zake. Hapa kipande hicho kitaitwa kichwa cha risasi, maana ndicho kinachopimwa kaliba.

Waingereza na Wamarekani walipima kwa inchi, hivyo .45 ni takriban inchi 0.45, sawa na milimita 11.43. Nchi za bara la Ulaya zilipima kwa milimita na kuongeza urefu wa ganda, ndiyo maana risasi ya bastola iliyoenea kuliko zote duniani huandikwa 9×19. Tatizo ni kwamba majina hayo hayakutungwa na mtu mmoja wala kwa kanuni moja. Ndani ya mtutu wa kisasa kuna mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka, ili kichwa cha risasi kitoke kikijizungusha na kushika njia iliyonyooka. Fundi anaweza kupima upana kutoka tuta hadi tuta, yaani kati ya sehemu zilizobaki zimeinuka katikati ya mifereji, au kutoka mfereji hadi mfereji, na majibu yatatofautiana. Bunduki za Lee-Enfield, ambazo wengi walizijua mikononi mwa askari wa King's African Rifles enzi za ukoloni, ziliitwa .303 kwa kipimo cha tuta hadi tuta, ilhali kichwa cha risasi yake kina upana wa takriban inchi 0.311. Ile inayoitwa .38 Special ina kichwa cha inchi 0.357, kwa kuwa nambari 38 ni masalia ya rivolva (bastola zenye silinda inayozunguka) za kale ambazo kichwa cha risasi kilikuwa na upana sawa na ganda lake. Risasi ya .357 Magnum, iliyotoka mwaka 1935, ina kichwa cha upana uleule; ganda lake lilirefushwa makusudi ili lisiingie katika rivolva za .38 zisizoweza kustahimili shinikizo lake.

Hali ni hiyohiyo kwa milimita tisa. Magazeti yetu huandika kwamba polisi wamemkamata mtu na bastola na "risasi za milimita tisa", lakini kuna 9×17, ambayo Wamarekani huiita .380, kuna 9×18 ya Makarov, na kuna 9×19 ya Luger. Kichwa cha Makarov kina milimita 9.27, hivyo hata hizo tisa si tisa moja.

Upande wa bunduki ndefu mfano ulio wazi zaidi ni wa silaha mbili zinazofahamika sana Afrika Mashariki. G3 na AK-47 zote mbili ni za kaliba ya 7.62. Hata hivyo G3 hutumia ganda la milimita 51 na AK-47 ganda la milimita 39, na kichwa cha risasi ya G3 hutoka mtutuni na nishati ya zaidi ya jouli 3,000, wakati cha AK-47 hutoka na takriban 2,000. Ukitaka mfano mkali zaidi, linganisha .22 ndogo ya kufundishia shabaha na 5.56×45 ya majeshi ya NATO. Upana wao unakaribia kuwa mmoja. Ya kwanza ina jouli kama 140, ya pili kama 1,700, na sababu ni kasi: katika hesabu ya nishati uzito huhesabiwa mara moja lakini kasi hujizidisha yenyewe kwa yenyewe, hivyo kinachoenda kwa kasi maradufu hubeba nishati mara nne.

Mjadala wa kaliba ya kujihami umekomaa zaidi Marekani, ambako raia wengi humiliki bastola, na kwa zaidi ya karne moja umekuwa mvutano kati ya 9×19 na .45. Chanzo chake ni vita vya Ufilipino. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa na rivolva za .38 Long Colt walilalamika kwamba wapiganaji wa Moro, Waislamu wa kusini mwa Ufilipino, waliendelea kuwajia hata baada ya kupigwa risasi kadhaa. Mwaka 1904 maofisa wa jeshi John Thompson na Louis LaGarde, huyu wa pili akiwa daktari, walifanya majaribio, wakipiga risasi maiti na pia ng'ombe wa machinjioni huko Chicago, wakahitimisha kwamba bastola ya jeshi isipungue kaliba ya .45. Bastola ya M1911 iliyobuniwa na John Browning ilitokana na uamuzi huo. Kwa vipimo vya leo majaribio yale yalikuwa hafifu, maana ng'ombe walikuwa wachache na mbinu ilibadilishwa katikati ya kazi, lakini hitimisho lake liliishi kuliko walioliandika.

Tuziweke hizo mbili kwenye mizani. Risasi ya kawaida ya 9×19 ina kichwa cha gramu 8 kinachokwenda mita 350 kwa sekunde, ya .45 ina kichwa cha karibu gramu 15 kinachokwenda mita 255 hivi. Ukipiga hesabu, nishati zao zinakaribia kulingana, takriban jouli 490 kila moja. Kinachotofautiana ni teke. Uzito ukizidishwa kwa kasi tu, na hicho ndicho kinachosukuma mkono wa mpigaji, .45 inaizidi 9×19 kwa zaidi ya theluthi moja. Mpigaji anapata nini badala yake? Upana wa ziada wa milimita mbili na nusu hivi, pungufu kidogo ya unene wa sarafu mbili nyembamba.

Hapo ndipo swali la kweli linapoanza, nalo ni namna risasi inavyomsimamisha mshambuliaji. Kinyume na picha za sinema, kichwa cha risasi ya bastola hakimrushi mtu nyuma. Kingekuwa na nguvu hiyo, kingemrusha na mpigaji pia. Mtu huanguka papo hapo ikiwa ubongo au uti wa mgongo wa juu umeguswa. Vinginevyo huanguka damu ikipungua, jambo linaloweza kuchukua sekunde nyingi, au huacha kwa hofu na maumivu, jambo lisilotabirika kabisa. Wataalamu kwa hiyo huangalia kwanza kina, yaani kama kichwa cha risasi kinafika kwenye viungo muhimu.

Somo hilo lilipatikana kwa gharama. Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, maofisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walipambana na majambazi wawili wa benki. Maofisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Mmoja wa majambazi alikuwa amepigwa mapema risasi ya 9×19 iliyopita mkononi, ikaingia kifuani na kusimama kabla ya kuufikia moyo; jeraha hilo lilikuwa la kuua, lakini aliendelea kupiga kwa dakika kadhaa. FBI ilianzisha kipimo ambacho bado kinatumika: risasi hupigwa katika bonge la jeletini linaloiga nyama ya mwili, wakati mwingine likiwa limefunikwa kwa nguo nzito au kuwekwa nyuma ya mbao na kioo cha gari, na kina kinachokubalika ni kati ya sentimita 30 na 46. Wakati uleule kaliba ililaumiwa. Shirika likajaribu risasi ya milimita 10, likaiona ina teke kubwa mno kwa maofisa wengi, na kutokana na toleo lake lililopunguzwa nguvu ikazaliwa .40 S&W mwaka 1990, ambayo idara nyingi za polisi za Marekani ziliipokea.

Robo karne baadaye gurudumu lilirudi lilipoanzia. Mwaka 2014 idara ya mafunzo ya FBI ilitetea kwa maandishi kurejea 9×19, na mwaka 2016 shirika hilo likachagua bastola za Glock za kaliba hiyo. Kilichokuwa kimebadilika ni kichwa cha risasi chenyewe: vile vyenye tundu mbele, ambavyo hupanuka vikiingia mwilini, vilikuwa vimeboreshwa hata 9×19, .40 na .45 zikawa zinatoa vidonda ambavyo madaktari wapasuaji wanashindwa kuvitofautisha. Vichwa vya aina hiyo vilikatazwa vitani na Azimio la Hague la mwaka 1899, lakini polisi na raia katika nchi kadhaa huruhusiwa kuvitumia, moja ya sababu zikiwa kwamba havielekei sana kupita mwilini na kumpata aliye nyuma. Kwa kuwa matokeo yalilingana, yaliyobaki kuamua yalikuwa ya kawaida kabisa: 9×19 ina teke dogo, hivyo mpigaji hurudi kwenye shabaha mapema, na magazini ya Glock 17 hubeba risasi 17 wakati ile ya M1911 ya .45 hubeba 7.

Kushuka chini ya hapo kuna gharama yake. Risasi za .32 na .380 hupendwa kwa sababu bastola zake ni ndogo na hufichika, lakini katika jeletini mara nyingi hulazimisha uchaguzi mmoja kati ya miwili: kichwa kipanuke na kuishia njiani, au kisipanuke na kufika. Aidha, bastola ndogo nyepesi hupiga teke kali kuliko kaliba yake inavyodokeza, jambo linalowashangaza wengi wanaodhani kidogo ni rahisi.

Bunduki za marisau, zinazotoa punje nyingi kwa mpigo mmoja, zina hesabu ya kwao. Nambari 12 haimaanishi inchi wala milimita; ni idadi ya goroli za risasi, ile madini, zenye upana wa tundu la mtutu ambazo kwa pamoja zina uzito wa ratili moja. Ndiyo maana nambari 12, yenye tundu la milimita 18.5, ni pana kuliko nambari 20.

Kwa msomaji wa Kenya au Tanzania hakuna kaliba inayochaguliwa kabla ya leseni. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, na sheria ya Tanzania ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015 huanza kwa kuuliza kama mwombaji anastahili kumiliki silaha, na mahakama, jambo likishatokea, huuliza kama nguvu iliyotumika ililingana na hatari, bila kujali upana wa tundu.

Lipo pia suala la kuta. Majedwali ya Wamarekani ya kulinganisha risasi za kujihami huchukulia nyumba yenye kuta za bodi nyepesi. Kwetu nyumba moja huwa ya tofali na ya jirani ya mabati, na vyumba vya kupanga hutenganishwa kwa mbao nyembamba. Mabati hayo hayaizuii hata .22. Marisau madogo ya kuwindia ndege huishiwa nguvu mapema, lakini hayafiki sentimita 30 katika jeletini. Marisau makubwa hufika, na hupita mbaoni pia, sawa na 9×19, kwa kuwa kichwa cha risasi chenye nguvu ya kufika kina hicho ndani ya mwili kina nguvu ya kutosha kutoboa ubao anaoegemea mtu wa chumba cha pili.