Jahazi la kwenye fremu: yanayosemwa kuhusu picha za zamani za ziwa letu

Picha za majahazi ya mizigo zimekuwa pambo la kawaida Mwanza, kuanzia mapokezi ya hoteli hadi ofisi za mawakili. Jahazi limetia nanga, tanga limekunjwa, wachukuzi wana magunia mabegani, na chini pamebandikwa maandishi: "Bandari ya Mwanza, zamani". Wengi hununua hayo maandishi kuliko picha yenyewe, na uvumi unaanzia hapo.

"Ukiona jahazi na Mwanza imeandikwa, basi ni Mwanza."

Majahazi ya ziwani yaliundwa kwa mfano wa yale ya pwani, kwa hiyo chombo chenyewe hakikwambii kitu. Tazama ufukwe. Kama jahazi limelala ubavu kwenye tope na wachukuzi wanalifikia kwa miguu, hapo ni baharini na maji yamekupwa. Unguja maji hupanda na kushuka hadi mita 4 hivi wakati wa bamvua, yaani siku za maji makuu. Ziwa Victoria halina mchezo huo. Maji ya asubuhi na ya jioni hukaa karibu palepale. Chombo kilicho nchi kavu huku kwetu kimevutwa na watu juu ya mwalo ili kitiwe viraka na kalafati, hakiachwi katikati ya bandari kikingoja maji yarudi.

Halafu tafuta mawe. Ni vigumu kupiga picha ghuba ya Mwanza bila angalau rundo moja la miamba yetu ya mviringo iliyopandana kuingia kwenye fremu. Ukikosa mawe na badala yake ukaona minazi imejipanga nyuma ya mlingoti, mwulize muuzaji vizuri.

"Wafanyabiashara walikuja na majahazi yao kutoka pwani."

Kwa njia ipi? Hakuna mto unaopitika kwa chombo kutoka Bahari ya Hindi hadi hapa. Walichokuja nacho ni ufundi, na majahazi yakaundwa hukuhuku. Mfanyabiashara Songoro alikuwa akiunda la kwake Ukerewe miaka ya 1870. Desemba 1877 aliuawa kisiwani humo pamoja na wamisionari wawili wa CMS (chama cha wamisionari cha Kianglikana), Shergold Smith na O'Neill, katika ugomvi na mtawala Lukonge. Hata meli ya moshi ya kwanza ziwani, William Mackinnon, ililetwa vipandevipande kupitia Mombasa na kuungwa Kisumu, ikashushwa majini mwaka 1900.

"Picha yenye tanga lazima iwe ya kabla ya meli."

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na Mwanza ikapata yake kutoka Tabora mwaka 1928. Meli zikachukua mizigo mikubwa, lakini meli inahitaji gati na kina. Kwenye visiwa vingi mwalo ni wa maji mafupi, na huko tanga liliendelea kubeba samaki na kuni. Hadi leo ukisimama ufukweni utaona tanga la pembe tatu, mara nyingine limeshonwa kwa viroba. Tanga peke yake halikupi mwaka.

"Maji yako chini mno, picha ilipigwa wakati wa ukame."

Hii huwapotosha hata watu makini, maana wanalinganisha picha na ufukwe wanaoujua leo. Kati ya 1961 na 1964 mvua kubwa ziliinua ziwa kwa zaidi ya mita 2, na likakaa juu kwa miongo kadhaa. Mawe yanayoonekana marefu kwenye picha ya mwaka 1930, na ufukwe mpana mbele yake, ndiyo hali ya kawaida ya enzi hiyo. Ukiliona Jiwe la Bismarck, lile la majini hapa Mwanza, limesimama juu kuliko ulivyozoea, hiyo ni dalili nzuri kwamba picha ni ya zamani kweli.

"Rangi ya kahawia ni uthibitisho wa uzee."

Kahawia siku hizi hupatikana kwenye simu kwa kubonyeza mara moja. Chukua lenzi ya kukuzia. Ukiona vinukta vilivyopangwa kwa safu, hiyo imechapwa mashineni kama gazeti. Picha halisi, iliyosafishwa kwenye karatasi yenye madini ya fedha, haina vinukta hivyo, na ikizeeka hutoa mng'ao wa kibuluu kama wa kioo kwenye sehemu nyeusi, hasa pembeni; iinamishe kwenye mwanga utauona.

Kama ni postikadi, igeuze, maana vinukta haviishushi thamani: nyingi za enzi hizo zilichapwa hivyo. Ujerumani iliruhusu mwaka 1905 upande wa nyuma ugawanywe, nusu ya salamu na nusu ya anwani. Kabla ya hapo nyuma paliandikwa anwani tu, ndiyo maana kwenye kadi za mwanzo utakuta salamu zimebanwa pembeni mwa picha, nyingine juu ya maji. Kadi yenye muhuri wa posta wa Muansa, kama Wajerumani walivyoandika, inaaminika kuliko maandishi yaliyobandikwa mbele. Ila muhuri nao husema kadi ilipotumwa, hausemi jahazi lilikuwa wapi.