Taimingi inayocheza kwenye sailensa: maana yake na namna ya kukitafuta chanzo

Taimingi ni wakati ambao plagi hupiga cheche, na hupimwa kwa digrii za mzunguko wa krankishafti, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Fundi akisema gari imewekwa 10 kabla ya kilele, maana yake cheche hupiga krankishafti ikiwa imebakiza digrii 10 ili pistoni ifike juu kabisa ya silinda. Cheche hutangulia kwa sababu mchanganyiko wa hewa na petroli hauwaki wote kwa mara moja. Moto huanzia kwenye plagi na kusambaa, na kusambaa huko huchukua milisekunde kadhaa. Injini nyingi za zamani, zikiwa sailensa, yaani zikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, huzunguka mara 700 hadi 900 kwa dakika. Kwa mizunguko 800, krankishafti hupita karibu digrii 5 katika kila milisekunde. Ukikanyaga hadi 3000, milisekunde hiyohiyo ni digrii 18. Ndiyo sababu distributa, kifaa kinachozigawia plagi cheche kwa zamu, ina vifaa vya kuiwahisha cheche kadiri mwendo unavyopanda.

Taimingi inacheza pale cheche zinapokosa kupiga mahali pamoja ingawa mguu hauko kwenye mafuta. Moja inapiga digrii 12 kabla ya kilele, inayofuata 7, ya tatu 10. Kila mlipuko unaisukuma pistoni kwa nguvu tofauti, na dereva anasikia usukani ukitetemeka, ekzosi ikitoa mlio usiolingana, na pengine gari inazima akisimama kwenye taa. Dalili hizohizo huletwa pia na kabureta chafu, hewa inayopenya kwenye manifoldi au plagi iliyochoka. Watu wengi hukimbilia kabureta kwa sababu ndiyo yenye skrubu za kuzungushwa, na wakishaivuruga wanakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Kabla ya kugusa chochote kuna swali moja la kulijibu: je, taimingi ndiyo inayoyumbisha mizunguko, au mizunguko ndiyo inayoyumbisha taimingi?

Yote mawili hutokea. Ndani ya distributa nyingi kuna vyuma viwili vizito vilivyoshikwa na springi. Shafti ikizunguka kasi, vyuma hivyo hutanuka kwenda nje na kuiwahisha cheche. Kwenye sailensa springi zinapaswa kuvibana visifanye kitu. Springi ikilegea au ikikatika, vyuma huanza kutanuka mapema mno, mwendo ukiwa bado mdogo. Hapo mizunguko ikishuka kidogo, cheche nayo inachelewa. Cheche ikichelewa, nguvu inapungua na mizunguko inashuka zaidi. Ikipanda, mambo yanageuka upande wa pili. Sasa tundu dogo tu kwenye mpira wa vakyumu (bomba dogo linaloleta mvuto wa hewa ya injini kwenye distributa), ambalo injini yenye springi nzima ingelivumilia, linatosha kuifanya injini hii ipande na kushuka bila kutulia. Ukiziba tundu bila kugusa springi, au ukibadilisha springi na kuacha tundu, utapata nafuu tu, na ugonjwa utabaki.

Kifaa cha kulijibu swali hilo ni taa ya taimingi. Kibano chake hushikizwa kwenye waya wa plagi ya silinda namba 1, na kila cheche inapopita taa inamulika mara moja. Alama iliyo kwenye puli ya krankishafti inaonekana kama imesimama mbele ya kipimo cha digrii. Feni nayo huweza kuonekana imesimama kwenye mwanga huo wakati inazunguka kwa kasi ya kukata vidole, kwa hiyo mikono, mikono ya shati na nyaya za taa vikae mbali nayo.

Injini iwe imeshapata moto. Chomoa mpira wa vakyumu unaoingia kwenye distributa, uuzibe mdomo, kisha angalia alama. Usiridhike na kusoma namba tu. Angalia alama inavyotembea, kwa sababu hapo ndipo ugonjwa unapojitambulisha.

Alama ikienda taratibu huku na huku, ikifuatana na mlio wa injini kupanda na kushuka, mshuku mwendo: hewa inayopenya, mafuta yasiyotosha, au zile springi. Ikiwa mchezo umekoma mara tu ulipouchomoa na kuuziba mpira wa vakyumu, basi tatizo liko kwenye mpira wenyewe, kwenye kikopo chake kilichoshikizwa kwenye distributa, au kwenye sahani ya ndani inayovutwa nacho. Kikopo kinapimwa kwa mdomo. Vuta hewa kwenye mpira, uzibe kwa ulimi. Kiwambo kizima cha ndani yake kitaishika hewa hiyo, kilichotoboka kitaiachia.

Alama ikitetemeka upesi, ikiruka digrii kadhaa huku mizunguko ikiwa karibu imetulia, ni kitu kilicholika. Kwa gari lililofanya kazi miaka mingi, mimi huanza na bushi za shafti ya distributa (pete zinazoishikilia), maana hazionekani kwa nje na hazipigi kelele. Fungua kifuniko, toa rota (kipande kinachozunguka juu ya shafti), shika ncha ya shafti kwa vidole viwili uisukume pembeni. Ikiwa unaihisi inagonga upande na upande, bushi zimekwisha. Kwenye mfumo wa pointi (viguso viwili vinavyofunguka ili cheche ipige) athari yake ni kubwa, kwa sababu shafti inayoyumba hubadilisha pengo la pointi kwa kila nundu ya shafti inayopita na kuzifungua. Pengo likipanuka pointi zinafunguka mapema na cheche inawahi. Likibana, cheche inachelewa. Distributa huzunguka nusu ya mwendo wa krankishafti, kwa hiyo digrii 1 iliyopotea kwenye shafti yake ni digrii 2 kwenye injini.

Kwa injini ya silinda 4 zilizo mstari mmoja kuna kipimo ambacho wachache hukitumia, na kinastahili kutumiwa zaidi. Pistoni namba 1 na namba 4 hufika juu pamoja, hivyo alama ileile ya puli inazisomea zote mbili. Soma taimingi kwenye waya wa kwanza, kisha hamisha kibano kwenye waya wa nne. Namba 1 ikisoma 10 na namba 4 ikasoma 6, na kila moja imetulia mahali pake, basi krankishafti na puli havina hatia. Tofauti imezaliwa ndani ya distributa: shafti imepinda au inayumba, au nundu hazikulika sawa.

Kukiwa hakuna mchezo pembeni, tafuta mchezo wa kuzunguka. Zima injini, geuza krankishafti kwa spana mpaka rota ianze kwenda, kisha irudishe nyuma polepole huku mtu mwingine akiitazama rota. Digrii ambazo puli inapita kabla rota haijaanza kurudi ndizo ulegevu wa mnyororo wa taimingi pamoja na gia inayoendesha distributa. Zikifika 10, mnyororo au gia vimekula muda wao, na hakuna kuzungusha distributa kutakakotuliza alama.

Vyuma vizito navyo vinapimwa kwa mkono. Zungusha rota kuelekea upande inaozungukia, uiachie. Inapaswa kurudi yenyewe upesi. Ikirudi kwa uvivu au ikabaki ulipoiacha, grisi imekauka au springi zimechoka.

Namna nyingine ni alama kupotea kabisa, taa ikikosa kumulika kisha ikirudi. Hiyo si taimingi kucheza, ni cheche kukosekana. Kama taa inashika vizuri kwenye waya mwingine, tazama waya ule. Kama inakatika kwenye nyaya zote, rudi kwenye koili, kondensa, pointi zilizoungua, au, kwenye distributa zenye sensa ya sumaku, ule waya mwembamba unaotoka kwenye sensa. Waya huo hukunjwa kila sahani ya vakyumu inapovutwa, na hukatikia ndani ya ganda lake huku kwa nje ukionekana mzima.

Puli nayo inaweza kudanganya. Nyingi zimeundwa kwa vipande viwili vilivyounganishwa na mpira, na mpira ukichoka kipande cha nje chenye alama huteleza. Kabla ya kuiamini, toa plagi namba 1, ingiza kijiti laini kirefu kisichoweza kudondokea ndani, geuza injini kwa mkono na uone kama pistoni inafika juu wakati alama inasoma sifuri.

Magari ya miaka ya 1980 mwishoni na 1990 yenye distributa na kompyuta yana jambo lake. Kompyuta huisogeza cheche kwa makusudi ili kushikilia sailensa, kwa hiyo alama kusogea digrii chache ni kazi halali. Kwenye Toyota nyingi za wakati huo, taimingi ya msingi husomwa baada ya kuunganisha TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi, na injini kama 4A-FE inatakiwa kusoma 10 kabla ya kilele. Alama ikitulia ukishaunganisha, distributa haina kosa. Ikiendelea kucheza, rudi kwenye bushi na gia.

Baada ya kurekebisha kilicholika, mpangilio wa kuseti una umuhimu. Pengo la pointi kwanza, kwa sababu linahamisha taimingi. Kisha taimingi yenyewe, mpira wa vakyumu ukiwa umezibwa kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Rudisha mpira, ndipo ushike skrubu ya sailensa. Ukishaupata mwendo unaotakiwa, chomoa na uzibe mpira tena, washa taa mara ya pili, maana mizunguko ikiwa juu kuliko ilivyokuwa mwanzo huenda vyuma vimeanza kutanuka na namba uliyoiacha haipo tena.