Saa saba hadi New York? Hapana

Hapa Kisumu, mtu akisafiri Marekani hakosekani wa kutangaza kwamba Nairobi hadi New York ni "saa saba tu", ila kurudi ndiko kazi, saa ishirini na mbili. Nimeyasikia tena juzi, na yanasemwa kwa uhakika mkubwa.

Umbali wa anga ni njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia kati ya viwanja viwili. Muda wa ndege huanza inapoondoka ilipoegeshwa hadi isimame kule iendako. Muda wa safari ni wa abiria, pamoja na kusubiri kote.

Hizo saa saba hutoka kwenye tiketi. Tiketi huandika saa ya mji unaotoka na saa ya mji unaofika, kila mmoja kwa saa zake. Chukua ndege inayoondoka Nairobi saa tano na nusu usiku, mwezi wa Januari, ikatua New York saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukitoa tu, unapata saba. Lakini wakati huo New York iko nyuma yetu kwa saa nane, kwa hiyo ndege imekuwa safarini saa kumi na tano. Katika kurudi, zile nane zinajiongeza kwenye tiketi: saa kumi na nne zinaonekana ishirini na mbili. Kuanzia Machi hadi mapema Novemba tofauti ni saa saba, maana Wamarekani husogeza saa zao mbele.

Umbali wenyewe haubadiliki, ni kama kilomita 11,800 kwenda, na hizo hizo kurudi. Kinachobadilika ni upepo. Huko juu, upande wa kaskazini, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwenda unakupinga, kurudi unakusukuma. Ndiyo maana kugawanya kilomita kwa mwendo wa 900 kwa saa, upate kumi na tatu, hakutoshi.

Na msipime umbali kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Rula itapita Afrika Magharibi. Vuta uzi juu ya tufe la ramani ya dunia, ndiyo njia fupi yenyewe, utauona ukipita Chad, Sahara ya Algeria na Morocco.

Sisi wa Kisumu tuna letu zaidi: New York iko kaskazini-magharibi, lakini ndege ya kwanza inatupeleka Nairobi, kusini-mashariki. Ni kama kilomita 280 na dakika hamsini hivi, kisha kusubiri, ambako huzidi hiyo ndege yenyewe.

Kwa hiyo ndugu yenu akirudi, msijumlishe saa tangu alipoondoka New York. Mwulizeni ndege yake ya kutoka Nairobi inatua Kisumu saa ngapi.