Vitufe Vikipungua, Programu Haiwi Rahisi

Mwenye steshenari akiona kijana wake wa kompyuta anawachelewesha wateja, dawa anayoitaka huwa ileile: "Hiyo GIMP ina vitu vingi mno, nipunguzieni vitufe." GIMP ni programu ya kuhariri picha. Kauli hiyo imezagaa Ngamiani barabara kwa barabara, na vijana wanaojifunza kutengeneza programu hapa Tanga nao wameishika kama kanuni. Si kanuni, na inaharibu kazi za watu.

Dhana: vitufe vichache ndiyo urahisi

Kinachomkwamisha mtu anapohariri picha, mara nyingi, ni hali asiyoiona. Chukua lalamiko la kila siku: brashi haichori. Sababu huwa hizi. Kuna seleksheni (eneo lililochaguliwa) ndogo imesahaulika pembeni mwa picha, pengine nje ya sehemu inayoonekana kwenye skrini, na brashi huchora ndani ya seleksheni tu. Au leya (tabaka la picha) iliyochaguliwa siyo anayoidhani. Au leya ni sahihi lakini imefunikwa na nyingine. Au leya ni ndogo kuliko picha, naye anapaka rangi nje ya mpaka wake wa vistari vya njano. Au amebofya maski ya leya, ile inayoficha au kuonyesha sehemu zake, badala ya leya yenyewe. Ondoa nusu ya vitufe vyote. Sababu hizo tano zitabaki palepale.

Mfundishe kukagua kwa mpangilio usiobadilika. Kwanza Ctrl+Shift+A, seleksheni iondoke. Pili, atazame paneli ya leya: ipi imechaguliwa, na ni picha yake au maski yake? Tatu, ipi iko juu yake? Nne, mpaka wa leya. Ukiwa mfupi, aende menyu ya Layer achague Layer to Image Size. Andika hatua hizo kwenye karatasi, ibandike ukutani kando ya skrini. Karatasi hiyo itafanya kazi kubwa kuliko kufuta vitufe ishirini.

Mfano mwingine ni picha za pasipoti. Kijana anakata picha kwa uwiano wa 35:45, kwa hiyo anaweka tiki kwenye Fixed ndani ya machaguo ya zana ya kukatia. Mteja anaondoka, anaingia mwenye picha ya harusi, na sasa fremu ya kukatia inang'ang'ania umbo la pasipoti. Anahangaika, anazima programu, anaiwasha, na hali huenda ikawa ileile kwa sababu machaguo ya zana yanaweza kuhifadhiwa. Tiba ni kuitengenezea kazi hiyo mpangilio wake: weka uwiano, kisha chini ya paneli ya machaguo ya zana bofya alama ya kuhifadhi, uupe jina "Pasipoti". Kitufe cha kurudisha machaguo ya awali kiko palepale chini. Kazi ikianza, mpangilio unaitwa, ikiisha, machaguo ya awali yanarudishwa. Picha ya milimita 35 kwa 45 ikichapwa kwa pikseli 300 kwa inchi inahitaji pikseli 413 kwa 531, na tarakimu hizo nazo ziandikwe kwenye karatasi ya ukutani.

Anayeamini uchache atazame kilichotokea mwaka 2020. Toleo 2.10.18 la GIMP lilikusanya zana zinazofanana chini ya kitufe kimoja chenye pembetatu ndogo kwenye kona. Kisanduku cha zana kikawa safi machoni, lakini aliyezoea kubofya seleksheni ya duara mara moja sasa hana budi kubonyeza na kushikilia, au kubofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ndipo zana nyingine zijitokeze. Kwa duka linalofanya kazi zilezile kutwa, hiyo ni hasara. Nenda Edit, Preferences, Interface, Toolbox, uondoe tiki kwenye Use tool groups. Skrini ya laptopu ya mtumba, ile ya pikseli 1366 kwa 768, ikibanwa, vuta ukingo wa kisanduku ili ikoni zijipange kwa safu pana.

Halafu kuna kitufe cha Tab. Ukikibonyeza, paneli zote za pembeni hujificha. Hapo ndipo vitufe vimekuwa vichache kuliko vyote, na hapo ndipo watu huanza kusema programu imeharibika na kuisakinisha upya! Bonyeza Tab tena, vinarudi.

Kwa anayetengeneza programu, neno ni hilohilo: onyesha hali. Leya ikifungwa, sema imefungwa, tena karibu na kishale. Amri ikififia kwenye menyu, eleza kwa nini imefifia. Mtu aliyefungua GIF hawezi kubuni mwenyewe kwamba baadhi ya amri zinasubiri ageuze picha kuwa RGB, yaani ya rangi kamili, kwa kuwa GIF ina orodha ndogo ya rangi.

Dhana: ifananishwe na Photoshop

Mfanano unamsaidia aliyewahi kutumia Photoshop, programu maarufu ya kulipia ya kuhariri picha, basi. Na hata yeye, ukimbadilishia ikoni peke yake, tabia za ndani zitamnasa. Tangu toleo 2.8 la mwaka 2012, kuhifadhi kwenye GIMP hutoa faili la XCF, faili la GIMP lenyewe linalotunza leya zote. JPEG au PNG hupatikana kwa kutoa nje, Ctrl+Shift+E. Hifadhi XCF kwanza, mapema na mara kwa mara, maana GIMP haihifadhi yenyewe kazi unayoendelea nayo na umeme hauagi.

Dhana: rangi nyeusi ndiyo ya kitaalamu

Duka lililofunguliwa mlango, jua la saa sita linagonga skrini, na maandishi ya kijivu juu ya weusi hayasomeki. Badilisha Theme, yaani rangi ya mwonekano wa programu, iwe nyeupe au kijivu. Ongeza na ukubwa wa ikoni: mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha mwaka 1954 kwamba shabaha ndogo au ya mbali huchukua muda zaidi kuifikia.

Dhana: ongeza hatua za kurudi nyuma (undo) bila kikomo

Ongeza, lakini pima. Idadi ya chini ya hatua zinazotunzwa, iliyowekwa awali katika 2.10, ni 5, ndogo mno kwa anayejifunza; 20 inatosha. Picha ya A4 kwa pikseli 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508, karibu MB 35 kwa kila leya ya kawaida ya biti 8. Kila hatua inayogusa leya nzima inaweza kula kiasi hicho, na kompyuta ya RAM ya GB 4 itaanza kukwama.

Dhana: tatizo ni kijana, hajasoma

Hili nalo linasemwa kabla mtu hajamtazama akifanya kazi. Mkalishe, mpe picha halisi ya mteja na kazi moja tu, kisha nyamaza kabisa. Usimwelekeze kwa kidole. Andika dakika, mibofyo iliyokwenda kombo, na mahali aliposimama akitafuta. Rudia kwa watu 5. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi ya programu, alieleza mwaka 2000 kwamba idadi hiyo hufichua sehemu kubwa ya matatizo. Wakikwama wote mahali pamoja, rekebisha mahali hapo tu, kisha uwakalishe wengine kwa kazi ileile ulinganishe dakika.