Bunduki za Mwanzo za Wadunguaji: Darubini Haikuwa Kila Kitu

Wengi huamini kwamba bunduki ya mdunguaji yenye darubini ilizaliwa katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Ukweli ni kwamba katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, baadhi ya walenga shabaha wa majimbo ya Kusini walikwisha kutumia bunduki za Whitworth kutoka Uingereza, zenye mtutu wa tundu la pembe sita, na chache kati ya hizo zilifungwa darubini ya Davidson ubavuni, upande wa kushoto.

Dhana inayopotosha zaidi ni kwamba silaha hizo zilibuniwa upya kwa ajili ya udunguaji. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walichagua tu bunduki za kawaida za jeshi lao, Gewehr 98, zilizothibitika kupiga kwa usahihi, wakaupinda mpini wa bolti (komeo linalofunga chemba ya risasi) uelekee chini ili usiigonge darubini. Ugumu hasa ulikuwa katika kuiunganisha darubini na bunduki, kwa kuwa vishikio vikilegea hata kidogo, risasi haiendi tena pale jicho linapolenga. Waingereza waliifunga darubini ya bunduki yao ya Lee-Enfield upande wa kushoto ili askari aendelee kupakia klipu ya risasi 5 kutoka juu. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi mbaya, kwani mdunguaji hahitaji kufyatua mfululizo. Alichoambulia ni shavu lisiloegemea vizuri kwenye kitako, na darubini iliyozibwa na ukingo wa tundu jembamba la bamba la chuma alilojikinga nalo.

Vilevile hudhaniwa kwamba kadiri darubini ilivyokuza zaidi ndivyo ilivyofaa zaidi. Darubini nyingi za Wajerumani zilikuza mara 3 au 4 tu, na faida yake kubwa ilionekana alfajiri na magharibi, wakati macho matupu hayaoni vizuri. Darubini ya Warner & Swasey ya Marekani, iliyoidhinishwa mwaka 1908, ilikuza mara 6, lakini jicho lililazimika kukaribia mno kikombe chake cha mpira, ambacho kilisukumwa usoni bunduki iliporudi nyuma. Toleo la 1913 lilipunguzwa hadi mara 5.2.

Wala si kweli kwamba bila darubini hakuna mdunguaji: Simo Häyhä wa Finland, katika vita vya majira ya baridi ya 1939 hadi 1940, alitumia vilengeo vya chuma vya kawaida, kwa sababu darubini ingemlazimisha kuinua kichwa zaidi.