Kwenda pwani si dalili ya kutochoka

"Mbona jana nilimuona pwani anafunga mwani? Ana uchovu gani huyo?" Maneno haya nimeyazoea kwa jamaa za wagonjwa wangu wa lupasi (kinga ya mwili inapoushambulia mwili wenyewe) na baridi yabisi. Safari hii kayasema mhudumu wa afya, na hapo uvumilivu ukaniishia.

Ukali wa uchovu ni jambo moja, namna mtu anavyoumudu ni jambo jingine. Hojaji ya ukali wa uchovu ya Krupp na wenzake ya mwaka 1989, iliyojaribiwa tangu mwanzo kwa wagonjwa wa lupasi, ina vipengele 9 vya alama 1 hadi 7. Wastani wa 4 kwenda juu tunauhesabu uchovu mzito. Haiulizi kabisa mgonjwa anafanya nini nao. Mizani ya Bristol ya uchovu wa baridi yabisi inatenganisha ukali, athari na kumudu, kila kimoja 0 hadi 10, na kwenye kumudu alama kubwa ndiyo nzuri. Mtu anaweza kupata 8 ya ukali na 8 ya kumudu. Huyo ndiye uliyemuona pwani.

Upungufu wa damu, tezi la shingo, usingizi, sonona, navyo huchosha: vichunguzwe kwanza, sina haja ya kurefusha.

Kinachoniudhi hasa ni kujumlisha. Hojaji fupi ya Carver ya mwaka 1997 ina maswali 28 kwa njia 14 za kukabiliana na shida, na Carver mwenyewe anasema haina alama ya jumla. Bado naletewa ripoti zenye namba moja, kuukana ugonjwa na kupanga kazi vimetiwa kapu moja!

Halafu hojaji za uchovu huuliza juu ya "siku 7 zilizopita". Kwa mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani, huku Unguja, siku 7 zipi? Kazi yake iko kwenye bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapokupwa mbali. Maji mafu yakija, yasiyokupwa sana, anapumzika. Mhoji leo, mhoji tena wiki ijayo, utapata namba mbili na ugonjwa haujasogea. Ndiyo maana juu ya kila fomu naandika tarehe ya mwezi muandamo. Ramadhani naitenga kabisa, maana daku linageuza usingizi wote.

Katika hojaji ya Carver, maswali ya dini ndiyo yanayonitia shaka zaidi. Hapa karibu kila mtu anatoa alama ya juu. Mmoja akisema "Alhamdulillahi, nasubiri", kagawa kazi zake na hulala kidogo baada ya adhuhuri. Mwingine akisema hivyo hivyo, kaacha dawa. Namba zao ni sawa, na sioni swali la kuchagua jibu litakalowatenganisha. Kwa hiyo nauliza: "Jana ulipochoka, ulifanyaje?" Jibu naliandika kwa maneno yake.

Hata hapo, mavyaa akiwa amekaa pembeni, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba alilala kazi haijesha. Naomba tubaki wawili. Wengine hawapewi nafasi hiyo, na fomu zao naziweka mbali na nyingine, kwa kuwa bado sijaamua niyahesabu vipi majibu yaliyotolewa mbele ya mavyaa.