Malengelenge ya sehemu za siri: namna ya kumkinga mwenza wako

Wanandoa wengi hutufikia kliniki wakiwa wameshagombana. Mmoja ametokwa na vipele vya majimaji sehemu za siri, vimepasuka vikawa vidonda, ameambiwa ni hepesi, na nyumbani swali likawa moja tu: umeutoa wapi? Tunawaomba swali hilo mliweke kando. Kirusi hiki hukaa mwilini hata miaka bila dalili, kwa hiyo kidonda cha leo si ushahidi kwamba kuna aliyetoka nje ya ndoa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 520 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana kirusi cha HSV-2, ambacho ndicho huleta hepesi ya sehemu za siri mara nyingi, na wengi wao hawajijui.

Hakuna dawa ya kukimaliza. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo, kisha hurudi kwenye ngozi pale pale au jirani. Jifunze kuusoma mwili wako: saa chache au siku moja kabla ya vipele, wengi huhisi mwasho, kuchomachoma au maumivu yanayoshuka makalioni na mapajani. Tangu hapo msikutane kimwili, hata kwa kondomu, mpaka magamba yadondoke na ngozi ijifunge kabisa.

Ila kusubiri vidonda vipone hakutoshi, na hapa ndipo wengi huambukizana. Kirusi hutoka kwenye ngozi hata siku ambazo hakuna kinachoonekana, zaidi katika miezi ya mwanzo baada ya maambukizi. Ndiyo maana tunasisitiza kondomu kila mara. Haifuniki korodani wala mapaja, hivyo haizuii yote, lakini inapunguza hatari sana, hasa mwenye kirusi akiwa mume.

Vipo pia vidonge. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliohusisha karibu wanandoa na wapenzi jozi 1,500, ulionyesha kuwa valasaiklovia miligramu 500 kila siku hupunguza maambukizi kwa mwenza kwa karibu nusu. Asaiklovia, iliyo rahisi zaidi kupatikana, hupunguza vidonda vya kujirudia, lakini haijathibitika kumkinga mwenza kwa kiwango hicho. Daktari ndiye wa kuwapangia, msinunue kiholela. Maji ya chumvi hutuliza maumivu tu, hayaui kirusi.

Pimeni VVU wote wawili, kwani mwenye HSV-2 yuko kwenye hatari ya kupata VVU takriban mara tatu zaidi.

Mke akiwa mjamzito na mume ndiye mwenye kirusi, acheni tendo la ndoa katika miezi mitatu ya mwisho, pamoja na la mdomo. Mama anayeambukizwa karibu na kujifungua anaweza kumpa mtoto ugonjwa unaoua. Mwambieni mkunga mapema, hata kama vidonda vilipona zamani, ili uamuzi wa kujifungua kwa upasuaji ufanyike kwa wakati ikiwa vidonda vitatokea siku ya uchungu.